Upande Uliobaki

Tangini, Kibaha
18 Januari 1981

Dada yangu Mwanakheri,

Shikamoo. Mpe mama shikamoo yangu na umshike mkono kwa niaba yangu, maana tangu macho yake yazime najua mkono ndiyo barua yake. Sisi huku hatujambo. Wifi yako anaumwa jino, lakini jino halijamzuia kusema. Vuli ilitupita juu juu, muhogo wa nyuma ya nyumba umedumaa, na sukari tunaisikia kwa majirani. Sabuni ndiyo imesahaulika kabisa. Juzi nilikwenda kazini na shati lililofuliwa kwa majani ya mpapai, na pale hospitali hapakuwa na wa kumcheka mwenzake, sote tulikuwa na madoa yale yale.

Sasa habari ya mwanao. Ulipolazimika kuondoka Dar kurudi kwa mama ulimwacha Biasha kitandani hospitali, hata jina lake halijui. Leo anakula uji, anakaa kitako, na ameanza kunikosoa nilivyovaa. Kwa hiyo punguza machozi.

Daktari wake, Dk. Gregori, ni mtu mpole, anaeleza jambo mpaka ulielewe. Walimvuta Biasha maji ya uti wa mgongo, yakatoka na damu. Anasema si malaria ya kichwa na wala si kifafa. Ni mshipa ndani ya kichwa umepasuka na damu ikamwagikia ubongo, ndiyo maana siku ile kwenye korosho alishika kisogo akalia kwamba amepigwa mchi. Mshipa wa namna hiyo hutuna mahali pamoja, kama mpira wa baiskeli ulipochakaa. Ukipasuka ukajiziba wenyewe, ni lazima ujulikane uliko.

Namna ya kuujua ni picha. Eksirei ninazopiga mimi hapa Kibaha zinaonyesha mifupa tu, mishipa haionekani. Kwa hiyo walimchoma sindano shingoni, wakaingiza dawa ya kung'arisha mishipa, na dawa ilipopanda kichwani wakapiga picha harakaharaka kabla haijapita. Waliponijua kuwa ni mwenzao wa kazi wakaniruhusu niwashikie filamu. Picha ilitoka safi, dada. Mishipa imejichora vizuri kama mizizi ya mnazi iliyooshwa, na hapana palipotuna. Filamu moja wameniazima, ninayo hapa nyumbani.

Dawa yenyewe ni adimu, inataka fedha za kigeni. Chupa iliyokuwapo iliishia kwake. Dk. Gregori anasema Ulaya sasa ipo mashine inayopiga kichwa vipande vipande, kama mkate unavyokatwa, na damu ikaonekana ilipolala bila kumchoma mtu shingo. Kwetu bado.

Amesema apumzike. Asibebe ndoo, asitwange, asikasirishwe. Wakimwita tena nitakuandikia. Atakuja na mke wa Didas, mwenzangu wa chumba cha eksirei, anayekwenda Kisarawe kwa ndugu zake.

Ni mimi mdogo wako,
Salehe


Maneromango, Kisarawe
2 Februari 1981

Mdogo wangu Salehe,

Marahaba. Mama amepokea mkono wako na anasema ni mkono wa mtu aliyekonda. Mwambie wifi jino ni la kung'olewa, si la kusimuliwa. Hapa tuko wazima. Korosho zimekwisha, mabibo yamewatosha nguruwe wa porini na walevi. Mwenyekiti ametupangia tena kupalilia shamba la kijiji, na safari hii hata sisi wenye wagonjwa tumo.

Biasha kafika. Nilipomwona ateremka kwenye basi kwa miguu yake miwili nililia mbele za watu, sikujali. Nimechinja jogoo, nimesomesha dua, na nimewaambia wote waliosema mwanangu ana pepo waje wale nyama wanyamaze. Walikuja. Hawakunyamaza sana.

Barua yako nimeisoma mwenyewe, neno kwa neno. Kisomo cha ngumbaru kimenifaa. Ila nimeona kitu: mashine umeiandikia ukurasa mzima, na afya ya mtoto mstari mmoja. Haya, ndio ufundi wako, nakusamehe.

Sasa shika hili. Mwinjuma, aliyemposa Biasha kabla ya kuugua, bado anamtaka. Tatizo ni baba yake, Mzee Abdala, huko huko Kongowe ya Kibaha. Wamesikia alianguka koroshoni, na mtu mwema kawapelekea neno kwamba ni kifafa. Wanasema mtoto mzuri, lakini kifafa hawakiingizi katika ukoo wao. Nimewajibu kwamba mjomba wake ni mtu wa hospitali, picha ya kichwa anayo, wamwendee yeye. Wewe ndiye mjomba, neno la kumtoa au kumzuia Biasha ni lako kama lilivyokuwa la mjomba wetu kwangu mimi. Waonyeshe hiyo picha wakinai.

Naandika bila kificho: posa hii ikivunjika kwa jina la kifafa, hapatatokea nyingine. Ana miaka ishirini na miwili. Baba yake hayupo. Mimi na mama si watu wa kutegemewa.

Jambo jingine, mwambie huyo Didas, mkewe kasema ana kamera, aje siku ya arusi. Biasha hajapigwa picha hata moja tangu azaliwe, ukiacha hiyo yenu ya mifupa.

Dada yako,
Mwanakheri


Tangini, Kibaha
20 Februari 1981

Dada Mwanakheri,

Shikamoo, na shikamoo kwa mama. Jino la wifi yako limeng'olewa. Sasa anasema zaidi. Joto limekuwa kali, bomba la mtaa hutoa upepo mchana kutwa, na barabara ya Morogoro imejaa malori ya mchanga. Ofisi za mkoa zinaendelea kujengwa, kila siku tunaona wageni wa bara wakiuliza nyumba za kupanga.

Mzee Abdala alikuja Jumapili pamoja na Mwinjuma. Niliwapa kahawa kavu nikaomba radhi. Kijana ni mtulivu, aliniamkia vizuri na hakugusa kikombe mpaka baba yake aguse. Nikaitoa filamu kwenye bahasha nikaiweka kwenye mwanga wa dirisha.

Mzee aliitazama kwa muda. Akasema, "Kumbe ndani sote tunafanana." Akahesabu meno, akayasifu. Kisha akaigeuza nyuma, akitafuta upande wa pili wa kichwa, kama mtu anayegeuza sahani aone imetoka wapi. Tulicheka sana.

Akaniuliza, "Bwana Salehe, kifafa kipo hapa?"

Nikamwambia, "Hakipo, mzee. Daktari mwenyewe amekikataa."

"Basi yamekwisha," akasema. Akaomba filamu akawaonyeshe wazee wenzake wa Kongowe, nikampa. Aliibeba kwa mikono miwili.

Dada, nina ombi. Arusi isogezeni mpaka mwezi wa sita. Likizo yangu itakuwa imefika, masika yatakuwa yamepita, na barabara ya kuja kwenu itapitika. Hakuna neno jingine, ni kwa ajili ya utulivu tu. Na ule mwiko wa ndoo na mchi uendelee. Biasha mwenyewe anasemaje? Kichwa hakimsumbui?

Nijibu mapema.

Salehe


Maneromango
8 Machi 1981

Salehe mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima, ila mama ana kikohozi, namchemshia mchaichai. Mafuta ya taa hakuna dukani, tunalala na kuku. Naandika mchana, nimejificha nisiende palizi ya kijiji, kwa hiyo ukiona maandishi yanakimbia ujue na mimi nakimbia.

Mwezi wa sita hauwezekani. Mwinjuma kapata kazi ya reli, apelekwa Tabora mwezi wa tano, na ataka aende na mkewe. Baba yake katuma watu, siku imeshikwa: Ijumaa tarehe 24 Aprili, masika au si masika. Watu wamekwisha ahidiwa, mchele nimeanza kuuomba kwa ndugu kibaba kibaba. Niwaambie nini? Kwamba mjomba wa bibi arusi aogopa tope?

Nakujua tangu nakubeba mgongoni. Ukiwa na jambo huongea habari ya barabara na mvua. Kama lipo, liseme, karatasi haitakupiga. Kama halipo, usinitie wasiwasi ambao sina pa kuuweka.

Biasha tumemweka ndani wiki iliyopita, somo wake anayemfunda yuko naye. Anakula vizuri. Kichwa chamuuma kidogo kama kinavyotuuma sote katika joto hili. Siku hizi ana haya ambazo sikumzaa nazo, mtandio auvuta mpaka nusu ya uso hata tukiwa wawili. Somo wake asema ndio uzuri wa mwali.

Njoo utoe neno lako kama mila inavyotaka. Bila mjomba siwezi kumtoa mtu.

Mwanakheri


Tangini, Kibaha
29 Machi 1981

Dada yangu,

Shikamoo. Nimerudi salama, ingawa kutoka kwenu hadi Kisarawe mjini tulilisukuma gari zaidi ya kupanda. Mchicha na korosho ulizonifungia vimefika, wifi yako anashukuru na anauliza kwa nini mimi ndiye ninayepewa na yeye ndiye anayepika. Nilifurahi kumkuta mama ana nguvu za kunigombeza.

Neno nimelitoa mbele ya wazee na silirudishi. Lakini nimerudi na kitu moyoni. Nilikuomba nimwone Biasha uso, mara moja tu. Ulisimama mlangoni na ungo wako ukasema mwali haonwi mpaka siku yake, hata na mjomba. Nikatii. Nilitii upesi kuliko nilivyopaswa.

Tulizungumza yeye yuko nyuma ya pazia, mimi nimekaa kwenye kinu kilicholazwa. Nikamwuliza hali, akasema njema. Kisha akaniuliza, "Mjomba, katika ile picha yangu, nilikuwa nimefumba macho au nimefumbua?"

Nikamjibu kwamba picha ya namna ile haionyeshi macho.

Biasha ninayemjua angecheka, angesema basi nimepiga picha ya fuvu la nani. Somo wake akacheka badala yake na kuniambia nimemchosha mwali.

Dada, nakuomba kwa heshima ya maziwa tuliyonyonya, niandikie hali yake hasa. Si anakula au hali. Anatazamaje, anaongeaje, analalaje. Na mwambie somo wake asimchezeshe, asimwinamishe muda mrefu, asimlize. Ya kufundishwa afundishwe kwa mdomo.

Nangoja jibu kwa mtu yeyote anayekuja huku, usingoje posta.

Salehe


Maneromango
5 Aprili 1981

Salehe,

Marahaba. Tu wazima, mama hajambo, kikohozi kimetoka na mvua imeingia. Daraja la mbao limekwenda na maji, kwa hiyo barua hii yaja kwa dereva wa lori la ushirika akipata njia.

Mwali haulizwi hali. Hata mimi nilipowekwa ndani hakuna aliyeniuliza natazamaje. Mwanangu yu mzima. Ulisema picha safi, mzee wa watu kaiona, wazee wa Kongowe wameiona, kila mtu kakinai ila wewe uliyeipiga. Sasa wataka niandike nini?

Zimebaki wiki chache. Tafuta sukari huko kwa namna yoyote, hata nusu kilo ya chai ya wazee. Mwambie Didas asisahau filamu ya kamera, na aniambie kama kamera yake yaweza kumpiga mtu upande tu, amegeuza shingo. Nimeona mabibi arusi wa mjini wakipigwa hivyo, napenda.

Mwanakheri


Tangini, Kibaha
14 Aprili 1981

Dada yangu Mwanakheri,

Shikamoo, na mama shikamoo. Hapa hatujambo. Leo sitakuandikia habari za mvua.

Dawa imefika. Dk. Gregori kaniletea ujumbe jana kwamba sanduku limetoka bandarini, na Biasha ni wa kwanza. Mlete mara upatapo barua hii. Hata kama amepakwa manjano, hata kama yuko ndani, mtoe. Nimekodi nafasi kwenye gari la mtu anayekuja Kisarawe Jumatatu, atawangoja hospitali ya wilaya.

Utauliza dawa ya nini tena, na picha si ilishapigwa. Ilipigwa upande wa kulia tu. Kichwa hulishwa na mishipa ya shingo zote mbili, na kila mmoja hupigwa peke yake kwa dawa yake. Walipomaliza wa kulia chupa ilikuwa tupu. Kwa hiyo niliposema picha ni safi nilisema kweli, ila ni kweli ya nusu kichwa. Upande wa kushoto hakuna aliyeuona. Na Dk. Gregori alisema tangu siku ile kwamba kama kulia ni kusafi, basi palipopasuka huenda ni kushoto, na pakipasuka mara ya pili ni wachache wanaoamka.

Sikukwambia. Niliona ukijua kwamba ni nusu, watu wa posa watajua, na wao neno nusu wangelisikia kuwa ni kifafa. Nikahesabu kwamba dawa itakuja kabla ya arusi, upande uliobaki utapigwa kimyakimya, na ule uongo wangu utakuwa umejikamilisha bila mtu kuumia. Kila meli iliyotajwa redioni niliisikiliza. Mzee Abdala alipoigeuza ile filamu nilicheka kuliko wote, na usiku ule sikula.

Kuna jambo jingine ambalo nilipaswa kukwambia kabla ya yote. Daktari aliniambia tumtazame macho. Palipotuna pakianza kukua hubana mshipa wa fahamu wa jicho la upande huo, na kope huanguka. Alisema kope la jicho moja likilegea, msingoje kuitwa, mleteni siku hiyo hiyo. Ndiyo maana nilitaka kumwona uso.

Nitukane nikifika. Kwanza mlete.

Salehe


Maneromango
20 Mei 1981

Mdogo wangu Salehe,

Marahaba ya shikamoo zako zote. Mama yuko, anakula kidogo. Masika yamepungua. Muhogo umeshika vizuri mwaka huu, na watu wa kijiji walipalilia zamu yangu bila kuombwa, Mungu awalipe. Msalimu wifi. Mwambie nashukuru kwa alivyonikandia mikono siku zote za matanga.

Barua yako ya tarehe 14 Aprili nimeipata Jumamosi iliyopita. Ilikuwa ndani ya lori la ushirika lililokwama upande wa pili wa mto mpaka maji yalipopungua. Dereva kaileta mwenyewe, imelowa pembeni lakini yasomeka. Nimeisoma yote. Mwalimu wetu wa ngumbaru alituambia tujifunze kusoma ili watu wa mbali wasitudanganye. Hakusema kitu juu ya ndugu.

Mwanangu alikufa Alhamisi tarehe 16. Ulifika siku ya pili ya matanga, umevuka mto kwa mtumbwi, tumekwisha mzika, ukauliza alikufaje nikakujibu ghafla. Sasa nakwambia vizuri. Jumatano jioni alikuwa asukwa nywele. Akasema, "Mama, kichwa, kama siku ile." Akataka kusimama, akaniangukia. Hakusema jingine mpaka alfajiri ya Mungu roho ilipomtoka, hakulia, hakuniona.

Ulikaa hapa mpaka hitima. Ulikula nasi, ulilala kwenye mkeka wa baraza na wanaume, uliongoza watu kwenda kumsomea dua kaburini. Nilikuona watazama njia kila mtu atokeapo mtoni, nikadhani wangoja wageni. Kumbe ulikuwa waogopa barua yako mwenyewe. Wangapi walikwambia ni kazi ya Mungu, nawe ukaitikia. Ni kazi yake kweli, sikatai. Lakini ungeniambia.

Nilikuwa na hasira nawe siku tatu nzima. Nilikuwa nimekwisha panga maneno ya kukuandikia, ambayo usingeyasahau. Kisha nikafika tena pale ulipoandika habari ya kope, nikaweka karatasi chini.

Salehe, jicho lake la kushoto lilikuwa limelala tangu siku za kwanza alipowekwa ndani. Kope lilishuka mpaka nusu, na jicho likatazama pembeni kama la mtu mwingine. Asubuhi ya kwanza nilidhani ni chokea. Ya pili nikajua si chokea. Biasha alisema anaona vitu viwili viwili, mapazia mawili, mama wawili. Nikamwambia anyamaze, watu wa Kongowe wana macho kila mahali. Nilikuandikia kwamba ana haya. Hakuwa na haya. Mimi ndiye niliyemvuta mtandio usoni, na mimi ndiye niliyesimama mlangoni na ungo ulipotaka kumwona. Mila ilinifaa sana siku ile. Na nilipouliza kama kamera ya Didas yaweza kumpiga mtu upande mmoja, nilikuwa nimekwisha chagua upande.

Kwa hiyo wewe ulikuwa na upande wa kulia na mimi nilikuwa na wa kushoto, na tukaandikiana habari za sukari.

Juzi Mzee Abdala alikuja na Mwinjuma kuhani mara ya pili. Kijana amekonda, Tabora hakwenda. Walirudisha ile filamu, imefungwa kwenye kitambaa cheupe. Mzee alisema hawakujua waiweke wapi, kuitupa waliogopa, kukaa nayo waliogopa. Nimeiweka kwenye mwanga wa dirisha kama ulivyofanya wewe. Nimemtafuta mwanangu mle ndani. Meno ni yake, lile moja lililopanda nalijua. Mishipa ni mizuri kama ulivyosema. Hospitali wakiidai waambie imepotea, maana hatuna picha yake nyingine.

Ile dawa iliyofika mpeni mwingine. Najua wapo, Dar haikosi wagonjwa. Mkimpiga upande mmoja chupa ikaisha, mwite mama yake, umkalishe chini, umwambie ni upande gani umebaki na atazame nini. Hata akipiga kelele. Hata kama ana mgeni wa posa ukumbini.

Nilipokuwa nasoma barua yako mama alikuwa kando yangu, asikiliza karatasi. Akaniuliza umeandika nini. Nikamwambia unamsalimu.

Dada yako,
Mwanakheri